Siku 27 ambazo filme ya Lumumba iliruka



Niliombwa niandike ripoti fupi ya filme tuliyoangalia pamoja tarehe 17 Januari. Ripoti njo hii: tulikuwa watu kama 40, viti vilitosha, soda hazikutosha, umeme ulikatika. Nikishasema hayo, muniruhusu niongeze mengine, maana filme haijanitoka kichwani, na mabishano tuliyoanza mule mu ukumbi wa parokia hayajaisha. Kuna wawili kati yetu mpaka leo wanasalimiana kwa kichwa tu.

Filme ni Lumumba ya Raoul Peck, ya mwaka 2000. Peck ni mtu wa Haiti, lakini sehemu ya utoto wake ilipita Léopoldville, juu wazazi wake walikuja kufanya kazi kule nyuma ya uhuru. Kwa hiyo si mgeni kabisa. Wengi wetu tulishaona filme hii vipande vipande kwenye simu, ile hotuba ya 30 Juni hasa, ambayo kila mwaka inazunguka mu makundi ya WhatsApp. Kuiangalia toka mwanzo mpaka mwisho, mu giza, pamoja na watu, ni jambo lingine.

Haianzi na Lumumba akiwa hai. Haianzi hata na masasi. Inaanza na kazi iliyofanywa nyuma ya masasi. Ni usiku, ni pori, wazungu wawili wanafukua miili, wanaikata, wanaichoma mu pipa. Kamera haitafuti damu ya kututisha. Inakaa zaidi na wale wanaofanya kazi, na kinachotisha njo hicho hasa, kwamba ni kazi. Kuna vifaa, kuna jasho, kuna kuchoka. Mtu angeweza kufikiri ni mafundi waliotumwa kutengeneza bomba la maji usiku.

Peck hakubuni jambo hili. Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa usiku wa 17 Januari 1961 pale Shilatembo, karibu kilomita 50 kutoka hapa tunapokaa. Waliopiga masasi ni askari na polisi wa Katanga, chini ya maofisa Wabelgiji, Tshombe na mawaziri wake wakiwa pale pale. Walizikwa, kisha wakafukuliwa na kuhamishwa, na siku chache baadaye Gerard Soete, komisari wa polisi Mbelgiji, pamoja na ndugu yake, wakafanya miili ipotee kwa msumeno na asidi. Tunajua hivyo juu Soete mwenyewe alisema. Alinyamaza miaka mingi, akaandika riwaya mwaka 1978 yenye mambo yale ndani yake, na karibu ya kufa kwake akaongea waziwazi, akaonyesha meno mbele ya kamera. Meno ya Lumumba. Alikuwa ameyaweka kama vile mtu anaweka risiti.

Pale pale, pipa likiwa linawaka kwenye shuka letu jeupe, umeme ukakatika. Grupu haikuwa na mafuta. Kijana akatumwa na bidoni, tukakaa mu giza karibu dakika 20. Mi nasema dakika zile zilikuwa sehemu bora ya filme, na Peck hana habari nazo.

Kwanza hakuna aliyesema kitu. Kisha mwenzetu mmoja, enjinia, anafanya kazi upande wa Likasi, akauliza kwa sauti ya chini: asidi iko wapi? Maana filme inasimama zaidi kwenye moto. Akatueleza, kama kwamba tulikuwa mu darasa, namna asidi ya salfuriki inavyofanya kazi: unasaga jiwe, unalitia asidi, shaba inatoka, jiwe linabaki tope. Malori ya asidi tunapishana nayo kila siku kwenye barabara ya Likasi na Kolwezi, tunafunga vioo. Asidi iliyotumika mwaka 1961 ilitoka mule mule, kwenye kazi ya migodi. Akamaliza: “Balimufanya sawa vile tunafanya majiwe ku lizini.”

Tangu siku ile siwezi kuona tukio lile bila sentensi hiyo. Na njo lawama yangu ya kwanza kwa Peck, ingawa ni ndogo. Moto ni picha nzuri, sinema inapenda moto. Lakini moto ni wa kila mahali. Asidi ni ya hapa. Asidi inasema ni mji gani uliofanya jambo lile, kwa faida ya nini, kwa vifaa vya nani. Mtu aliyetoka Paris ataona unyama. Mtu wa Lubumbashi angeona kazi ya kila siku ya mji wake ikigeuzwa kuwa mauaji, kama filme ingempa nafasi. Peck hakuweza kupiga picha huku, inchi ilikuwa mu vita. Alienda Zimbabwe na Beira, Msumbiji. Tulipofika kwenye uwanja wa ndege mtu mmoja nyuma alipiga kelele: “Ile haiko Luano!” Watu wakacheka. Lakini ni kweli, kuna vitu ambavyo mtu anaviona paka akiwa na vumbi la mahali kwenye viatu.

Jambo la pili la mwanzo ule ni sauti. Wakati wale wawili wanafanya kazi yao, Lumumba anaongea. Maiti njo anasimulia, anamsemesha mkewe, na filme yote inatoka kinywani mwake. Mara ya kwanza nilipoiona, nikiwa mwanafunzi, nilikasirika. Nilidhani ni udanganyifu wa kutufariji: wanamkata, lakini musiogope, bado anasema. Kumbe ukweli wa usiku ule ni kwamba hakusema tena. Safari hii nimebadili mawazo, nusu. Karibu yote tunayojua ya mwisho wa mwili ule yametoka kwa waliouharibu, mpaka wakati walipopenda wenyewe kuongea. Mtu akitaka kutengeneza filme ya jambo lile, anakaa mu kiti cha Soete, apende asipende. Hana kiti kingine. Peck alilijua tatizo hilo. Akachukua ushuhuda wa muuaji kwa picha, na juu yake akaweka sauti ya marehemu, ili picha isibaki mali ya muuaji. Sijui njia nyingine ambayo ingefaa zaidi. Bado inanifariji kupita kiasi, lakini naona sababu yake.

Katikati ya filme nitapita haraka, juu munaijua. Eriq Ebouaney anambeba Lumumba vizuri sana, na sifa yake kubwa ni kwamba anamwonyesha mtu anayechoka, anayekosea, anayefoka. Alex Descas anacheza Mobutu kwa kunyamaza, na kunyamaza kule kunaogopesha. Kuna pia ule mkutano ambamo ofisa wa Marekani anaitwa kwa jina, Carlucci. Frank Carlucci alikuwa kweli kwenye ubalozi wa Marekani Léopoldville wakati ule, baadaye akawa waziri wa ulinzi wa Reagan. Alikana kwamba aliwahi kukaa kwenye mazungumzo kama yale, na filme ilipopita kwenye televisheni ya Marekani mwaka 2002, jina lake liliondolewa. Miaka 41 nyuma ya mauaji, jina moja mu filme bado linahitaji mawakili. Nalitaja juu ya hoja yangu kubwa, ambayo njo hii sasa.

Peck ametuonyesha jambo la nyuma ya mauaji, lakini moja tu: kuharibu mwili. Ile ilikuwa kazi ya watu wachache, mu pori, usiku. Kazi kubwa zaidi ilifanyika mchana, mu mji, mbele ya watu wote, nayo filme haisimami pale. Ni kazi ya kutengeneza uongo.

Hesabuni pamoja nami. Waliuawa tarehe 17 Januari. Kifo kilitangazwa tarehe 13 Februari. Siku 27. Mu siku zile Lumumba alikuwa amekufa na hakuwa amekufa. Umoja wa Mataifa walikuwa wanauliza habari zake. Familia ilikuwa inangoja. Hapa Elisabethville, wale waliokuwa pale Shilatembo walikuwa wanaamka asubuhi, wanavaa tai, wanaenda kazini. Kisha tarehe 10 Februari serikali ya Katanga ikatangaza kwamba wafungwa watatu wametoroka. Waandishi wa habari wakaonyeshwa tundu kwenye ukuta. Fikirini: mtu alikaa, akafikiri tundu liwe kubwa kiasi gani ili mtu mrefu kama Lumumba apite, kisha akamwita fundi alitoboe. Njo sinema ile! Tarehe 13, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani, akaita waandishi tena: watoro wameuawa na wanakijiji. Kijiji gani? Hatutasema. Wamezikwa wapi? Hatutasema, watu wasije wakaenda kuhiji. Wanakijiji watapewa zawadi. Kulikuwa na cheti cha kifo kilichoandikwa na daktari. Na Munongo akaongeza kwamba kuna watakaosema sisi njo tumewaua. Nitawajibu, leteni ushahidi. Wakati ule ushahidi ulikuwa umeshayeyuka mu pipa, na aliyesema alijua.

Hebu muone namna vitu viwili vinavyoshikana. Msumeno na asidi havikuwa ukatili wa wazimu tu. Vilikuwa maandalizi ya sentensi ile ya tarehe 13. Bila asidi, Munongo asingeweza kusimama na kusema leteni ushahidi. Filme inapotuonyesha pipa bila kutuonyesha meza ya waandishi wa habari, inatuachia unyama bila sababu yake. Mtazamaji anatoka akisema, wale wazungu walikuwa wanyama. Hapana, ndugu. Walikuwa watumishi wa serikali, na kulikuwa na serikali iliyohitaji kazi yao.

Mtu mmoja aliniambia kwamba mikutano ya waandishi, karatasi na vyeti havifanyi filme, watu watalala. Nikamjibu atafute Z ya Costa-Gavras, ya mwaka 1969. Inatokana na kuuawa kwa mbunge Grigoris Lambrakis mu mji wa Thessaloniki, Ugiriki, mwaka 1963. Mle ndani mbunge anapigwa mapema, na filme karibu yote ni ya yanayofuata: polisi wanaosema alianguka, mashahidi wanaotishwa, hakimu kijana mwenye miwani asiyejua hata yeye mwenyewe ataishia wapi. Mwishoni maofisa wanaingia mmoja mmoja, hakimu anawauliza jina, jina lingine, kazi, na mashini ya kuandika inapiga ta-ta-ta-ta. Hakuna damu pale, na mtu hawezi kupumua. Costa-Gavras naye hakuweza kupiga picha Ugiriki, makoloneli walikuwa wameshika inchi, alienda Algeria. Sawa na Peck, alitengeneza mji wake mu mji wa watu wengine. Lakini alielewa kwamba uongo ni tendo, uko na watu wanaoubeba, uko na saa yake, uko na siku ambayo karibu uanguke.

Sisi tulikuwa na siku 27 za namna ile na hakuna aliyezipiga picha namna hii. Hatukuwa na hakimu, ni kweli. Labda njo sababu. Z inawezekana juu kuna mtu mmoja upande wa serikali aliyekataa kuweka sahihi. Hapa alikuwa nani?

Sasa niseme juu ya Mama Pauline.

Tarehe 13 Februari ilipotangazwa, Pauline Opango alikuwa Léopoldville. Akatoka akatembea mu mji kifua wazi, mu matanga, pamoja na watu wengine, mpaka kwa Umoja wa Mataifa, kuomba mwili wa bwana yake. Picha yake ilizunguka dunia yote. Nina hakika wengi walioiona kule Ulaya hawakuelewa wanachokiona. Waliona mwanamke Mwafrika hana nguo, basi. Mama zetu wanaelewa. Mjane anavua kwa sababu hana kitu kingine cha kuonyesha: hana sanduku, hana kaburi, hana tarehe ya kweli. Mwili uliobaki ni wake, akaubeba huo.

Wamarekani walitengeneza filme nzima ya mjane, Jackie, ya Pablo Larraín, mwaka 2016. Natalie Portman anatembea mu Ikulu na nguo yenye damu, kisha anapanga mazishi: nani atembee kwa miguu, farasi wangapi, kaburi liwe wapi. Ni filme nzuri, mi naipenda, hasa pale inapoonyesha kwamba mjane njo mtengenezaji wa kwanza wa filme ya kifo cha bwana yake. Lakini muangalie ni vitu gani Jackie anavyo mkononi. Ana mwili. Ana jeneza, ana bendera, ana televisheni zinazongoja amri yake. Ukimtoa vile vyote, unabaki na Pauline mu barabara ya Léopoldville. Mtengeneza filme gani ataweza kukaa naye dakika 90? Mu filme ya Peck, Lumumba anamsemesha mkewe toka mwanzo, sauti nzuri, ya upole. Yeye anasikiliza. Tunajua bwana alitaka kumwambia nini. Hatujui alienda kwa Umoja wa Mataifa akasema maneno gani, walimfungulia mlango wa namna gani, alirudi nyumbani kwa njia ipi, nani alimpa maji. Mi ningetoa hotuba yote ya 30 Juni, hata kama mutanipiga mawe, nipate dakika kumi za safari ile ya kurudi.

Alikufa Desemba 2014. Jino moja la bwana yake polisi wa Ubelgiji walilikamata mwaka 2016. Familia ililipokea Brussels Juni 2022, likazungushwa mu inchi, Sankuru, Kisangani, hapa kwetu mpaka Shilatembo, likazikwa Kinshasa, Limete, tarehe 30 Juni. Mi nilikuwa kando ya barabara magari yalipopita. Jeneza lilikuwa la kimo cha mtu mzima. Nilijiuliza kwa nini, kisha nikaona haya kujiuliza. Mama mmoja muuza maandazi karibu yangu alisema, kama vile anaongea na yule aliye ndani: “Basi, karibu.” Ile nayo ilikuwa tukio la filme, na hakuna kamera iliyomgeukia.

Peck mwenyewe, niongeze kwa haki, alikuwa karibu zaidi na jambo hili mu filme yake ya zamani, ile ya kumbukumbu, Lumumba, la mort d'un prophète, ya mwanzo wa miaka ya 1990. Kule hana waigizaji, hana pipa. Hakuweza kuja Zaire ya Mobutu, basi anapiga picha Brussels: watu mu barabara, baridi, wazee waliokuwa Kongo zamani wanaongea mu viti vyao. Na kila mara anarudi kwa hadithi alizopewa na mama yake. Mtu anaweza kusema hakuna kitu mule. Mi nasema njo filme ya kweli ya nyuma ya mauaji, juu inaonyesha mahali ambapo mauaji yalienda kukaa: mu tramu, mu makaratasi, mu sura za watu wanaonunua mkate. Ningekuwa na uwezo, ningeonyesha zote mbili kwa usiku mmoja, ile ya zamani kwanza. Soundtrack to a Coup d'Etat ya Johan Grimonprez, ya 2024, tutaiangalia siku nyingine, grupu ikijaa. Mule tunaona angalau kelele za Februari 1961, watu weusi wa Marekani wakivamia kikao cha Baraza la Usalama, New York. New York ililia kabla ya mji wetu.

Na hapo njo tuligombana.

Filme ilipoisha, mwenzetu mmoja, wazazi wake ni wa Kasai, alisimama akasema kwa utulivu: “Filme iko muzuri. Lakini bale balipiga masasi, balikuwa banani? Soete tunajua jina. Askari bale hawana majina?” Ukumbi ukanyamaza. Ni kweli, mu filme wale askari weusi ni bunduki tu na kofia. Mwingine akajibu kutoka nyuma: “Tuache mambo ya zamani. Weye ulikuwa hauyazaliwa.” Wa kwanza akasema: “Soete naye alizeeka, hata vile tunamutafuta.” Kisha ikaingia mambo ya makabila, nani alifukuzwa na nani mwaka gani, na mimi, mwenyekiti wa kikao, nikafunga kwa kusema watu wasaidie kupanga viti. Si kitendo ninachojivunia.

Juu kambo wangu, baba ya mama, alikuwa jandarme wa Katanga.

Sikusema pale. Nasema hapa, juu naona si haki kuandika kurasa zote hizi za uongo wa serikali na kunyamaza ya kwangu. Hakuwa Shilatembo. Mwezi ule alikuwa Kolwezi kwa kazi, tuko na barua. Alikuwa mtu mpole, alinifundisha kuendesha kinga (baiskeli), alikufa nikiwa sekondari. Nyumbani kwetu jina la Lumumba halikukatazwa. Halikuwapo tu, kama vile mtu hasemi habari za Japani. Nilipojifunza habari zake shuleni nilidhani ni historia ya Kinshasa. Miaka mingi sikujua kwamba Shilatembo ni pale tunapopita tukienda Likasi kwa matanga na harusi.

Kwa hiyo ninapomlaumu Peck kwa askari wasio na uso, najua ninaomba nini. Ninaomba filme ambamo mtu kama kambo anarudi nyumbani, anavua kofia, anakula bukari na watoto wake, na redio inasema wanakijiji njo walioua. Hakuua. Hakutoboa ukuta. Lakini mu siku zile 27 sare yake ilifaa kwa kitu fulani, na yeye hakuwa mjinga. Filme ya namna ile ingekuwa ngumu kuangalia mu ukumbi ule kuliko msumeno wowote. Msumeno unatupa nafasi ya kusema: si sisi.

Mama alikuwepo siku ile, nilimleta mwenyewe, alikaa mstari wa mbele juu ya macho yake. Njiani kurudi hakusema kitu mpaka tulipopita soko la Kenya. Kisha akaniambia kwamba anakumbuka siku ya tangazo. Alikuwa na miaka tisa. Kambo alikuwa amekuja likizo kidogo. Jirani alileta redio yake kwetu, watu wazima wakasimama kuizunguka. Yeye alisikia neno kijiji, akamuuliza baba yake: “Kijiji gani, baba?”

“Akakujibu nini?”

“Akanituma maji.”

Nikamwuliza kwa nini hakutuambia kamwe. Akasema hamukuniuliza. Kisha, tulipokuwa tunafungua lango, akasema kwamba alienda jikoni kuchukua ndoo, akaikuta imejaa. Alikuwa ameshachota asubuhi, na baba yake alimwona akirudi nayo. Hakujua afanye nini. Akaimwaga nyuma ya nyumba, akaenda kuchota tena.